Konstebo na Amri ya Marehemu

"Kwaresima hii, mwanakondoo akiingia Ottermere kwa miguu minne, atatoka kwa miguu minne, au mimi si Tebbutt."

Humfrey Tebbutt aliyasema hayo akiwa juu ya ngazi za msalaba wa soko, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, midomo yake ikiwa bado inang'aa mafuta ya soseji. Tukamshangilia. Siku ile mtu akisema lolote anashangiliwa, kwa sababu bia inamwagika kila mlango na kuanzia kesho yake ni samaki wa chumvi mpaka Pasaka. Angesema mbuzi wa hakimu anaimba zaburi, tungemshangilia vilevile. Tatizo la Humfrey ni kwamba yeye akisema jambo hadharani hulichukua nyumbani, analala nalo na kuamka nalo.

Alikuwa fundi mapipa, na fundi mzuri. Pipa la Tebbutt halivuji. Pia mwaka ule alikuwa konstebo wetu. Ukonstebo kwetu hauombwi. Unazunguka nyumba hadi nyumba kama zamu ya kuzibua mtaro, na ukifika mlangoni kwako unajifanya mgonjwa au unakwenda kukaa kwa shemeji mpaka wamchague jirani. Humfrey ndiye mtu pekee ninayemjua aliyefurahi. Siku alipokula kiapo alivaa shati la harusi.

Hakujua kusoma, hata jina lake mwenyewe. Alichokuwa nacho ni masikio. Kila Lambert Oddie, mpiga mbiu wetu, alipogonga kengele na kusoma amri ya Malkia pale msalabani, sisi wengine tuliendelea kubishania bei za vitunguu. Humfrey alivua kofia, akasimama wima, midomo ikicheza. Jioni angeweza kuisema amri nzima, toka majina ya Malkia hadi ile sehemu ya mwisho inayosema atakayekaidi atajuta. Amri za mavazi, za wazururaji, za kucheza karata, zote alizihifadhi kichwani, na kwake zote zilikuwa mbichi. Haikumwingia akilini kwamba amri inaweza kuchakaa.

Majira ya baridi alimsimamisha mshona glavu njiani, mtu wa heshima, kwa sababu ya kola yake ya marinda. Alitoa kile kijiti chake cha kupimia kina cha mapipa, akaipima kola upande wa kulia, akaipima upande wa kushoto, kisha akaikata kwa mkasi palepale, akiitaja amri neno kwa neno. Amri yenyewe ilikuwa na umri wa kutosha kuoa. Mshona glavu akaenda kulia kwa hakimu, Bwana Marmaduke Thorle, na Bwana Thorle akaamua kwamba konstebo yuko sawa kabisa, na kwamba konstebo ni mpumbavu. Humfrey akauliza kwa adabu ashike lipi kati ya hayo mawili. Akaambiwa ashike yote na aende nyumbani.

Sasa huyu Humfrey mama yake alikufa kwa homa yeye akiwa na miaka sita. Baba alikuwa mtu wa barabarani, anaonekana siku za mavuno tu. Aliyemlea, ukiondoa kipigo alichopewa na fundi wake baadaye, ni Thomasin Wadlow, mama yake wa ubatizo, aliyemshika mikononi kanisani siku anamwagiwa maji. Mama Thomasin alikuwa na mgahawa karibu na daraja. Humfrey alikulia chini ya meza yake na mpaka amekuwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, Alhamisi alikuwa akila kwake. Mama huyu alikuwa na miaka sitini na tatu, shingo imepinda kidogo upande mmoja kwa baridi yabisi, na ulimi haujapinda hata kidogo.

Kwaresima kwa Mama Thomasin ilikuwa na utaratibu wake. Amri ya Malkia ilisema wazi kwamba hakuna mgahawa wala nyumba ya wageni itakayopika nyama mpaka Pasaka. Kwa hiyo Mama Thomasin aliuza samaki. Samaki wake alikuja ndani ya pai, alikuwa na mafuta mengi, na wakati mwingine alikuwa na mfupa wa bega. Mji mzima tulimla samaki huyo. Kasisi mwenyewe alimsifu kwa kukosa miiba. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake tuifiche siri hii. Tulikuwa tu hatuiulizi.

Aliyekuwa hajui ni mmoja. Alhamisi za Kwaresima yeye alipewa samaki kweli, tena mkavu.

Alhamisi ya wiki ya tatu, adhuhuri, Humfrey alipita mgahawani kukaza pete ya pipa la samaki lililokuwa limelegea. Pipa alilitengeneza mwenyewe. Ndani walikuwa wamekaa waendesha mikokoteni watatu wa sufu, wageni, wanakula. Humfrey akakaza pete, akaridhika, na kwa mazoea tu ya kazi akaingiza kile kijiti chake kupima kina. Kijiti kikapita katikati ya samaki, kikagota nusu ya njia.

Alikumbuka. Mama Thomasin alikuwa amemwomba pipa lenye vitako viwili, kimoja katikati na kimoja chini, akasema ni kwa ajili ya unyevu. Humfrey alikuwa ameona ni wazo zuri sana. Alikuwa amewasimulia watu.

"Humfrey, mwanangu," Mama Thomasin akasema, mwiko mkononi, "wa juu wanatosha."

"Mama, chini kuna nini?"

"Kuna unyevu."

Akatoa samaki, akainua ule ubao wa katikati. Pai saba za kondoo, bado zina joto, zimefunikwa kitambaa safi. Wale wageni watatu wakaacha kutafuna. Nadhani kama wasingekuwepo angeurudisha ubao. Nadhani tu, sina hakika, na yeye mwenyewe nilipomuuliza hakuwa na hakika. Lakini watu wa barabarani wana midomo, na mtu anayepeleka taarifa za nyama hupata fungu lake la faini. Humfrey akavua kofia. Mama Thomasin alikuwa ameanza kucheka, na alipoona kofia imevuliwa akaacha. Humfrey akamkamata kwa jina la Malkia, saa sita na nusu mchana, na saa aliitaja kwa sauti, kwa sababu konstebo anatakiwa kuitaja.

Ijumaa Bwana Thorle akatoa hukumu sebuleni kwake, mbwa miguuni. Kusimama saa tatu nzima kwenye mkatale, Jumamosi, siku ya gulio, pai moja ikining'inia shingoni. Mkatale wetu si wa kukaa. Ni wa kusimama, ubao juu ya nguzo jukwaani, tundu la shingo katikati na matundu mawili ya mikono, umetengenezwa kwa mtu mrefu. Humfrey akaomba iwe faini. Alisema shingo ya mama huyu haipo sawa, ubao ule utamvunja. Bwana Thorle akamuuliza kama si yeye aliyesikika juu ya ngazi akizungumzia miguu minne.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha, Humfrey akamfunga kwa mkono wake. Alikuwa ametengeneza kigoda cha mbao za mapipa ili asisimamie vidole. Bado ubao ulimkaba mahali penyewe hasa pa ule upinde wa shingo. Ufunguo akautia mfukoni.

Watu walikuja na mayai mabovu kama ilivyo desturi. Mama Thomasin akaanza kuwasalimia mmoja mmoja kwa jina, akiwauliza hali ya nyumbani na kama yule samaki wa Jumanne aliwakaa vizuri tumboni. Mayai yakarudi vikapuni. Sijawahi kuona gulio la adabu namna ile. Kasisi alimwinamia kwa mbali akapita haraka.

Haikuisha hata nusu saa. Akaingia mpanda farasi toka upande wa barabara kuu, tope mpaka kifuani, akampa Lambert Oddie karatasi. Lambert akaisoma kimya kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na uso ukambadilika. Akagonga kengele. Akasoma kwamba Malkia amefariki, na kwamba mfalme wa Uskoti sasa ndiye mfalme wetu.

Hatukujua tufanye nini. Wengi wetu hatukuwahi kuishi chini ya mtu mwingine, miaka arobaini na nne sauti ile ni moja. Wengine walilia, wengine walishangilia mfalme, na wengine walianza na kimoja wakamalizia na kingine kwa kuwatazama majirani. Muuza jibini aliuliza kama sarafu bado zinafaa. Kengele ya kanisa ikaanza kulia, ikakatishwa, kwa sababu mpiga kengele hakujua apige ya msiba au ya furaha, kisha ikaanza tena kwa namna ambayo haikuwa yoyote kati ya hizo.

Sauti ikatoka ubaoni. "Lambert. Hebu rudia siku."

"Alhamisi, Mama Wadlow."

"Saa ngapi?"

Lambert akatafuta kwenye karatasi. "Alfajiri. Kabla jua halijatoka."

"Humfrey," akasema, "ulinikamata saa ngapi?"

Humfrey alikuwa ameitaja saa mwenyewe, mbele ya mashahidi watatu wa sufu.

Wote tukamgeukia Bwana Thorle, aliyekuwa juu ya farasi wake pembeni, amekuja kuona hukumu yake ikitimizwa. Akatafakari. Huyu alisoma, hilo lazima nikubali, na akatueleza kwa utulivu kwamba amri ya kifalme ni sauti ya aliyeitoa, na sauti hufa na mwenyewe. Kwa hiyo Alhamisi adhuhuri hapakuwa na amri yoyote juu ya nyama. Watu wakaguna kwa furaha. Humfrey tayari ameshatoa ufunguo. Akaomba tu neno la hakimu la kumruhusu amfungue.

Bwana Thorle akasema hawezi kulitoa. Cheo chake cha hakimu nacho kilitoka kwa Malkia, na kilikufa naye alfajiri ileile. "Ile hukumu ya jana niliitoa nikiwa mkulima tu," akasema, kama mtu aliyegundua shati amevaa nje ndani. Na mkulima hawezi kuamuru mfungwa aachiwe. Akageuza farasi, akatuachia.

Hapo ndipo sheria ilipotoroka sokoni na kila mtu akaukimbilia mkia wake. Mshona glavu, aliyekuwa na dukuduku lake la kola, alisema kuna sheria ya Bunge pia juu ya siku za samaki, na Bunge halikufa. Mtu akamjibu kwamba sheria ile inataja faini, haitaji ubao. Kasisi, akiwa sasa amerudi karibu, alisema Kwaresima ni ya Mungu, na Mungu hajafa. Muuza jibini akauliza kwani Mungu ndiye aliyekataza pai. Mwingine akasema Humfrey si konstebo tena. Mwingine akasema bado ni konstebo kwa sababu alichaguliwa na baraza la mji, si na Malkia. Lambert akakumbusha kwamba kiapo alikula kwa jina la Malkia. Nilichangia na mimi, nikasema jambo kuhusu mamlaka ambalo lilipokelewa kwa heshima, na ambalo mpaka leo sijui lilikuwa na maana gani.

Humfrey alizunguka kwa kila aliyezungumza, ufunguo umelala kiganjani kama kifaranga, akisikiliza. Hivyo ndivyo alivyoishi maisha yake yote, kwa masikio, na siku ile masikio yalikuwa yanampa vitu saba kwa pamoja. Ikiwa yeye ni konstebo, hawezi kumfungua mfungwa bila neno la hakimu, na hakimu hayupo. Ikiwa si konstebo, basi yeye ni fundi mapipa aliyeshika ufunguo wa watu. Ikiwa Mama hana hatia, amemshika bure tangu Alhamisi. Ikiwa anayo, na akamfungua, atakuwa amemtorosha mfungwa, na anayetorosha mfungwa hukaa mahali pake.

Saa tano ikapita. Saa sita. Mvua ikaongezeka, watu wakahamia chini ya mabanda na kuendelea kubishana huko. Mama Thomasin alikuwa ameacha kuwasalimia watu. Alikuwa akihema kwa mdomo. Pai iliyokuwa shingoni imelowa, imeanza kumomonyoka.

Humfrey akapanda ngazi mbili za jukwaa. Nilikuwa chini yao hatua chache, nilisikia.

"Humfrey," akasema mama yule, bila kuinua macho, maana hakuweza. "Wewe unaonaje?"

"Sijui, Mama."

"Sikukuuliza kama unajua."

Akaingiza ufunguo kwenye kufuli. Akausimamisha hapo. "Nikifungua, na kumbe amri ipo," akasema, "nitakuwa nimevunja neno la Malkia."

"Malkia yupi, baba?"

Aliposikia ameitwa baba, na mtu aliyemwita mwanangu toka akiwa na meno ya kwanza, nilidhani ataufungua. Akautoa ufunguo. Akashuka, akamfuata Lambert bandani, akamwomba amsomee ile karatasi tena. Lambert akasoma. Akamwomba arudie. Karatasi ilizungumzia Malkia, mfalme, Mungu na amani ya nchi. Alimsomea mara tatu, na kwenye mara zote tatu haikutaja pai wala mwanamke yeyote kutoka Ottermere.

Saa ya kanisa ikagonga saa saba.

Hilo Humfrey alilielewa. Alikwenda mbio, akafungua kufuli, akainua ubao, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo na mtu mwingine. Saa tatu zimetimia, iwe hukumu ilikuwa ya hakimu au ya mkulima. Mama Thomasin hakuweza kunyoosha shingo. Humfrey akampa mkono. Mama yule akaushika mkono wa muuza jibini, mtu ambaye siku zote alimwita mwizi wa vipimo, na wakashuka pamoja polepole. Kwenye ngazi ya mwisho akasimama, akaivua ile kamba shingoni na pai iliyolowa, akamkabidhi Humfrey.

"Chukua," akasema. "Utamuuliza mtu kama inaliwa."

Wiki iliyofuata ikaja amri ya mfalme mpya, Lambert akaisoma kwa kengele. Ilisema maofisa wote waendelee na kazi zao kama mwanzo, mpaka watakapoambiwa vingine. Humfrey, kofia mkononi, aliuliza: waendelee tangu lini, tangu alfajiri ile au tangu leo. Lambert akaigeuza karatasi nyuma kuangalia, nyuma palikuwa peupe. Bwana Thorle, akiwa hakimu tena, alisema suala lile limekwisha na hataki kulisikia. Nimewauliza wawili waliosomea sheria kama Mama Thomasin alikuwa na hatia siku ile. Mmoja alisema ndiyo, mwingine hapana, na wote wawili walikuwa na hakika kabisa. Wa tatu aliniambia nimnunulie bia kwanza.

Pasaka ikafika na Mama Thomasin akauza kondoo waziwazi, mlango wazi, harufu mpaka darajani. Shingo yake haikurudi. Sasa alitazama watu kwa ubavu, kama kuku. Alhamisi Humfrey alikwenda kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake. Mama Thomasin akamhudumia aliyekuwa kushoto kwake, kisha aliyekuwa kulia kwake. Hakumtukana, hakumfukuza. Alimpita tu, kama mtu anavyopita pembeni ya nguzo. Humfrey akakaa mpaka watu wakaisha. Alhamisi ya pili ilikuwa hivyohivyo. Ya tatu, mlangoni pa mgahawa palikuwa na pipa jipya la samaki, na pete zake hazikuwa za mkono wake.

Siku hiyo hiyo alikwenda barazani akaomba avuliwe ukonstebo. Wakamwambia haiwezekani mpaka Sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, labda amkodi mtu mzima mwenye akili timamu amshikie nafasi, na gharama iwe yake. Akauliza kama hilo limeandikwa mahali. Wakasema ndivyo inavyofanywa. Hakuuliza tena. Akampata mchoma chokaa mmoja wa ng'ambo ya mto, akampa fimbo, funguo na kiapo.

Konstebo wa kukodi, toka Pasaka hadi Mikaeli, ni shilingi kumi na tatu na peni nne.